Farao ndani ya nyumba yake: baba Seti katika filimu «Le Prince d'Égypte»

Siku moja ya posho, kisha masomo ya katekisimu, tuliwaonyesha watoto wa parokia yetu hapa Bukavu filimu ya michoro yenye kuitwa «Le Prince d'Égypte», maana yake Mwana wa mufalme wa Misri. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tuliazima mashini ndogo ya mafuta, na kelele yake ilishindana na waimbaji mpaka mwisho. Watoto hawakusumbuka. Walipiga vigelegele wakati magari ya farasi yaliposhindana, walinyamaza mbele ya kijiti chenye kuwaka moto, na bahari ilipogawanyika wakasimama wote juu ya viti. Tulipomaliza nikauliza kama kuna mwenye neno. Nilitazamia swali juu ya bahari, ao juu ya nyoka za waganga wa Farao. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja hivi akasimama, akasema: «Padri, yule Farao muzee alikuwa baba muzuri ao baba mubaya?»

Nilijibu pale pale: «Mubaya, kwa sababu aliua watoto.» Kijana akakaa. Lakini niliona usoni mwake ya kama jibu halikumutosha, na usiku ule halikunitosha mimi vilevile. Nimeitazama filimu mara tatu tangu siku ile, nikiwa peke yangu, na kila mara nilimwangalia zaidi yule muzee kuliko Musa. Ninaandika hapa mambo niliyoyaona, kwa kuwa wenzangu wengi wanaonyesha filimu hii katika parokia na katika mashule, na wengi wetu tunapita upesi juu ya Seti ili tufike kwa mapigo kumi.

Filimu yenyewe si mupya. Ilitolewa katika Marekani mwezi wa desemba 1998 na kampuni ya DreamWorks, nayo inachukua dakika 99. Watu watatu waliiongoza: Brenda Chapman, Steve Hickner na Simon Wells. Mbele ya kuimaliza waliwauliza shauri wataalamu wengi wa Wayahudi, Wakristu na Waislamu. Hata hivyo Malaysia na Maldivi ziliikataza, kwa sababu Waislamu wengi hawakubali manabii wachorwe. Mwaka 1999 wimbo wake mumoja ulipata zawadi ya Oscar. Hayo yanatosha juu ya sifa zake.

Wakubwa wetu hapa Bukavu hawatashangaa kuona padri akiandika juu ya filimu. Katika miaka ya 1950 Mapadri Weupe walikuwa na kazi yao ya sinema katika muji huu, iliyoitwa Africa Films, na kule Léopoldville Padri Alexandre van den Heuvel, Muscheutiste, alichora hadithi za Mboloko, yule nyama mudogo mwenye akili nyingi. Papa Pio XI alikuwa ameandika juu ya sinema katika «Vigilanti cura» mwaka 1936, na Pio XII katika «Miranda prorsus» mwaka 1957, na wote wawili walitaka Wakristu wafundishwe kupima vile wanavyoona. Lakini Mboloko hatutesi kwa swali lolote. Anadanganya mwenye nguvu, tunacheka, tunarudi nyumbani. Hakuna mutoto aliyelala na uchungu juu ya Mboloko. Juu ya Seti, naona mumoja alilala nao.

Basi Seti wa filimu ni mutu wa namna gani? Ni muzee mwenye sauti nzito na ya polepole, hapigi makelele. Tunamufahamu vizuri wakati vijana wake wawili, Ramses na Musa, wanapoharibu jengo la hekalu kwa muchezo wao wa magari. Anawaita. Hamugombezi Musa sana, anamugombeza Ramses, kwa maana Ramses ndiye atakayeshika utawala. Anamwambia ya kama ukoo wao ni sawa munyororo wa siku nyingi, na pete moja dhaifu inaweza kuukata wote. Ramses anatoka na moyo uliovunjika. Musa anabaki nyuma, anamusemea ndugu yake: anasema Ramses hakukosa nguvu, alikosa nafasi tu ya kuonyesha nguvu yake. Na baba anasikiliza! Jioni ile ile, mbele ya wakubwa wote, Ramses anapewa kazi ya kutawala pamoja na baba yake. Ninawauliza wazazi wenye kusoma: ni wangapi kati yenu mwenye kumusikiliza mutoto mudogo akimusemea mukubwa wake, kisha mukageuza shauri? Mpaka hapo Seti ni baba ambaye watoto wengi wa Kadutu wangemutamani.

Kisha inakuja ile saa ya ukuta. Musa amekutana na Miriamu na Haruni, amesikia neno ambalo hataki kulisadiki. Analala, anaota ndoto, na ndoto ile imechorwa sawasawa na michoro ya ukuta ya Wamisri, watu bapa wenye kutembea juu ya mawe, bila sauti ya mutu. (Kwa ufundi wa kuchora, naona ndiyo sehemu nzuri kupita zote, hata kupita bahari.) Anaamuka, anakimbia na taa, anakuta ukutani picha ya kweli: askari wanawatupa watoto wachanga ndani ya muto, na mamba wanangojea chini. Seti anamukuta pale. Hakasiriki, hakatai. Anamweleza mwanawe ya kama Waebrania walikuwa wamezidi kuwa wengi, na kesho wangaliweza kuwainukia. Musa anamusihi, anataka baba aseme ya kama si yeye aliyetoa amri ile. Seti anamujibu ya kama mara zingine inapashwa kutoa sadaka kwa faida iliyo kubwa. Kisha anamukumbatia Musa kwa upole sana, na ndani ya kumbatio lile anamwambia, kwa kumutuliza, ya kama wale walikuwa watumwa tu.

Musa anarudi nyuma, anaondoka katika mikono ile. Filimu haituelezi waziwazi kama Seti anajua ni mutoto gani anayemushika. Naona ni vizuri haituelezi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sinema nyingi, hasa za watoto, zinamupa mutu mubaya sura ya kuogopesha, kicheko kibaya, nyumba yenye giza. Mutoto anajua tangu mwanzo nani wa kuchukia. Filimu hii imefanya jambo gumu zaidi. Inaweka amri ya kuua katika kinywa cha mutu mwenye upendo, tena inaiweka saa ile ile ya upendo. Seti hasemi neno lile kwa ukali. Analisema sawa vile tunavyomwambia mutoto aliyeota ndoto mubaya: lala, si kitu. Kwake ni kweli si kitu. Upendo wake una kuta, nao unakomea kwenye ukuta wa nyumba yake.

Tena wazo hili si la zamani katika filimu za Musa. Mwaka 1956 Cecil B. DeMille alitoa ile filimu kubwa ya Amri Kumi, ambayo wakubwa wetu wengi waliiona. Katika filimu ile kuna Seti vilevile, muzee mwenye huruma, anamupenda Musa kupita mwana wa mwili wake, na anakufa akitamka jina la Musa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekataza lisitamkwe. Inatoa machozi. Lakini angalieni: katika ile ya 1956 amri ya kuua watoto imetolewa na Farao aliyemutangulia. Baba ni safi, muuaji ni mwingine. Wale wa 1998 waliwachukua wawili hao wakawafanya mutu mumoja. Kwangu hiyo ndiyo akili kubwa ya kazi yao yote, kupita rangi na nyimbo, na ndiyo sababu kijana wangu aliuliza swali ambalo hakuna mutoto angaliuliza kisha filimu ya DeMille.

Kuna neno moja dogo katika lile jibu la Seti ambalo sisi watu wa Kivu hatuwezi kulisikia bure. Ni «tu». Watumwa tu. Wale wenye miaka wanakumbuka jinsi lilivyotumika katika muji huu toka 1994, makambi yalipojaa: wakimbizi tu, watu wa ng'ambo tu. Kisha likageuka, likatumika juu ya wengine, na likageuka tena. Askofu Mukuu Christophe Munzihirwa, Mujezuiti, ambaye watu wote walimwita Muzee, alisema kwa ajili ya watu ambao si wa kabila lake wala wa inchi yake, wakati wengi walitaka anyamaze. Aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 oktoba 1996. Mutu aliyeitwa Muzee hapa kwetu alikuwa huyu, na ninaona haya kidogo kumuandika katika ukurasa mumoja na Seti. Lakini watoto wetu wamekua kati ya wazee wa namna zote mbili.

Kwa maana tuseme kweli. Katika madarasa yetu ya katekisimu kuna watoto wa maaskari, na watoto wa watu waliokaa porini na bunduki kisha wakarudi. Baba anafika jioni, analeta sukari, anamubeba mudogo, anauliza juu ya masomo. Kesho yake mutoto anasikia neno sokoni. Mimi sijui habari za baba wa yule kijana, wala sikuuliza, wala sitauliza. Lakini niliposema «mubaya», nikakata, labda nilimufungia mutu mulango usoni.

Sasa tuiangalie filimu kwa macho ya Maandiko, kwa sababu waseminari watauliza. Kwanza, Kitabu cha Kutoka hakimutaji Farao kwa jina, si wa kwanza wala wa pili. Kinataja tu miji ya Pitomu na Ramsesi (1,11), na kwa hiyo wataalamu wengi wanafikiri juu ya wakati wa Ramses II, bila masikilizano ya wote. Seti I alikuwa mufalme wa kweli, baba wa Ramses II; alitawala karibu na mwaka 1290 mpaka 1279 mbele ya Kristu, alijenga hekalu zuri kule Abydos, na mwili wake uliokaushwa ulipatikana mwaka 1881 kule Deir el-Bahari. Hakuna maandishi ya Misri yenye kusema ya kama aliua watoto wa Waebrania. Basi mwenye kuonyesha filimu aseme mbele ya watoto: jina ni la historia, kosa ni la Farao wa Biblia, na kuviunganisha ni kazi ya wachoraji.

Pili, na hili ni zito zaidi. Katika filimu ni muke wa Farao aliyemutoa Musa katika maji. Katika Kutoka ni binti yake (2,5-10), na Barua kwa Waebrania inakumbuka vilevile ya kama Musa alikataa kuitwa mwana wa binti Farao (11,24). Wengine wamesema ni badiliko dogo, la kurahisisha. Mimi sikubali. Ninaelewa faida yake: bila hilo Seti angekuwa babu, na Musa na Ramses wasingekuwa ndugu. Lakini tazameni kilichopotea. Binti Farao alimwona mutoto, akajua mara moja ni wa Waebrania, akamuhurumia. Alijua amri. Ilikuwa amri ya baba yake. Yeye mutoto wa nyumba ile alikataa neno la baba ndani ya nyumba ya baba, na akamulea pale mutoto ambaye baba alitaka afe. Filimu imemufuta, kama ilivyowafuta wazalishaji Sifra na Pua (1,15-21), nao vilevile walikataa. Inaachwa picha ya nyumba ambamo hakuna hata mumoja aliyeweza kumukataza Seti mpaka Musa alipofika mbele ya ukuta. Biblia inajua ya kama walikuwako, tena wote walikuwa wanawake. Nasikitika juu ya jambo hilo, zaidi kwa kuwa kati ya walioongoza filimu kulikuwa mwanamuke.

Tatu, ugumu wa moyo. Kila museminari amewahi kusumbuka na maneno yale: mara Farao anaufanya moyo wake mugumu yeye mwenyewe (8,28), mara ni Mungu anayeufanya mugumu (9,12). Filimu inaleta njia ya tatu: ni baba aliyeufanya mugumu. Musa anaporudi kutoka jangwani anamukuta Ramses juu ya kiti, na nyuma yake sanamu kubwa za mawe. Ramses anakumbuka neno la munyororo. Hatakuwa pete dhaifu. Mapigo yanafuatana, inchi inaharibika, naye anashikilia neno lile kama mutu mwenye kushika kamba muto ukimubeba. Na mbele ya pigo la mwisho kuna saa moja ya usiku, ndani ya jumba lenye giza, ambapo wale ndugu wawili wanaanza kukumbuka michezo yao ya zamani, karibu wacheke. Mara mutoto wa Ramses anafika, ana woga. Ramses anamutazama mwanawe, moyo unafungwa, na anasema ya kama baba yake alikuwa na wazo la haki juu ya Waebrania. Karibu nao ni ule ukuta wa watoto na mamba. Muzee amekwisha kufa, lakini bado anasema.

Kwa watoto njia hii inasaidia; wanaelewa mara moja. Kwa theolojia ina hatari yake. Kama ugumu wa Ramses ni urizi tu, basi Ramses hana kosa, ni mugonjwa aliyeambukizwa. Nabii Ezekieli (sura ya 18) aliwagombeza watu waliosema ya kama baba amekula zabibu kali na meno ya watoto yanaumia. Lakini naona filimu inajitetea vizuri kuliko nilivyofikiri mara ya kwanza. Seti hakuwa na mutoto mumoja. Wawili walikula meza moja, walisikia sauti moja, mikono ile ile iliwakumbatia. Mumoja alitazama ukuta akarudi nyuma. Mwingine alipita mbele ya ukuta ule miaka yote bila kuuona, na siku alipouona aliukubali.

Nifike kwa Yetro, ambaye watazamaji wengi wanamupenda, na mimi vilevile, ingawa kwa kipimo. Kuhani yule wa Midiani amechorwa munene, mwenye kicheko, anamukaribisha Musa kama mugeni wa heshima, anaimba, anacheza, anamufundisha ya kama bei ya mutu haipimwi kwa mali wala kwa kazi yake. Ni dawa ya lile «tu» la Seti, inaonekana wazi. Lakini Yetro wa filimu hagombezi kamwe. Yule wa Biblia aligombeza! Someni sura ya 18: anamukuta mukwe wake akikaa toka asubuhi mpaka jioni kuamua mashauri ya watu, anamwambia wazi ya kama hafanyi vizuri, atajichosha yeye na watu wake, na anamuonyesha namna ya kugawanya kazi. Hiyo sura haimo. Matokeo yake ni ya kama filimu inaweka upande mumoja baba mukali ambaye ni mubaya, na upande wa pili baba wa kucheza ngoma ambaye ni muzuri. Mutoto wa Bukavu ataondoka akifikiri baba yake mwenye kumuuliza juu ya masomo ni Seti, na mujomba mwenye kumununulia biskuti ni Yetro. Sivyo. Kosa la Seti halikuwa kugombeza juu ya hekalu lililovunjika. Pale alikuwa na haki. Hata lile neno la pete dhaifu, nimelisikia karibu sawasawa nikiwa katika seminari ndogo, kwa kinywa cha padri ambaye hakuua mutu, na lilinisaidia kupita mutihani wa kilatini.

Na kuna baba wa tatu, ambaye hayupo kabisa. Mwanzo wa filimu tunamuona mama wa Musa akikimbia na kikapu, akiimba, watoto wawili wakubwa wakimufuata. Muume wake yuko wapi? Hatuambiwi. Biblia yenyewe haisemi mengi: mwanaume wa kabila la Lawi alioa binti wa Lawi (2,1), na mbali sana kidogo inatupa jina lake, Amramu (6,20). Ni yote. Lakini Mungu anapomwita Musa katika kijiti (3,6), anajiita kwanza Mungu wa baba yako, na neno la kiebrania ni la mutu mumoja. Ndipo anapotaja Abrahamu, Isaka na Yakobo. Filimu inataja wazee wa zamani tu. Ninaona hapo imepoteza nafasi ambayo hakuna muchoraji mwingine ataipata upesi. Musa aliyelelewa na Seti, aliyekaribishwa na Yetro, anasikia katika moto jina la Mungu wa yule wa tatu, mutu wa matofali, ambaye hakumujua. Hapa kwetu watoto wenye baba wa jina tu ni wengi sana: jina katika kitabu cha ubatizo, basi. Wangaliisikia saa ile kwa masikio mengine.

Nilitaka vilevile kulaumu filimu kwa kumuondoa Seti bila kutuonyesha kifo chake. Yuko, kisha hayuko, na Ramses anatawala. Hakuna toba, hakuna hukumu, hakuna hata maziko. Lakini nilipofungua Kutoka nilikuta habari yote katika mustari mumoja (2,23): siku nyingi zilipita, mufalme wa Misri akafa, na mara moja maneno yanarudi kwa kilio cha watumwa. Basi nikafunga kinywa.

Kwa wenzangu wakatekista, maneno machache ya kazi. Kifaransa cha filimu kinakwenda mbio; elezeni habari kwa Kiswahili mbele ya kuwasha mashini, hasa habari ya ukuta. Wadogo wa mwaka wa kwanza wasiletwe: mamba wale hawaonyeshwi wakila, lakini watoto wanaelewa. Na kama munaweza, simamisheni mashini pale Musa anapotoka katika mikono ya Seti, muache watoto waseme mbele ya kuendelea. Sisi hatukusimamisha, tulikuwa na haraka ya bahari.

Siku ya posho iliyofuata nilimwita yule kijana mbele ya wenzake, nikasema ya kama jibu langu lilikuwa fupi mno. Nikasema mikono ya muzee yule ilifanya mambo mawili, yote mawili kweli, na ya kama Musa mwenyewe aliondoka katika nyumba ile bila kujibu swali alilouliza yeye. Kijana akafikiri. Kisha akauliza: «Na mwisho, mutoto wa Ramses akifa, Ramses akikubali waende, Musa anatoka inje, anaanguka, analia. Analia juu ya nani?» Tukawasha mashini, tukarudia sehemu ile. Musichana mumoja akasema: juu ya mutoto. Mwingine akasema: juu ya Ramses, kwa sababu hawatacheza tena. Kijana akasema polepole: «Juu ya muzee.» Muzee katika filimu amekufa zamani. Hakuna aliyecheka. Mafuta ya mashini yalikuwa yanakwisha, na mvua ilikuwa inakuja toka upande wa ziwa, tukazima, watoto wakakimbilia kwao.